Jiwe la Mwadui, Jiwe la Kimberley

"Almasi yako imetoka nchi gani?"

Kagwe hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo. Alikuwa amekata vioo Thika kwa miaka saba, akavitia kwenye maduka na kwenye nyumba za walimu, na kitu pekee ambacho watu walitaka kujua ni kama mvua itaingia ama haitaingia. Lakini Nicanor, nyapara wa kanisa jipya lililokuwa likijengwa Ruiru, alimkazia macho kama askari wa kizuizini.

"Tanganyika," Kagwe akasema. "Mwadui, upande wa Shinyanga. Fundi aliyenifundisha alikuja nayo kutoka huko."

Nicanor alicheka mpaka kofia yake ikasogea. "Tanganyika! Si ndiko Wazungu walikokwenda na matrekta kulima karanga, wakarudi na matrekta bila karanga? Karanga ziliwashinda, almasi wataiweza?"

Waashi waliokuwa wakichonga mawe karibu nao wakacheka pia, kwa sababu nyapara akicheka huwezi kunyamaza.

Kwa asiyeijua kazi hii, almasi ya fundi wa vioo si ile ya pete. Ni punje ndogo kama mbegu ya ufuta, imekazwa kwenye kichwa cha shaba, na kichwa kimetiwa mpini wa mti. Unaipitisha juu ya kioo mara moja tu. Inaacha mstari mwembamba kama unywele, ukibonyeza kioo kinaachana palepale ulipotaka. Bila almasi wewe si fundi, wewe ni mbeba vioo.

Kagwe hakuwa na nafasi ya kukasirika. Ilikuwa mwaka wa 1957. Duka la vifaa alilokuwa akilifanyia kazi Thika lilikuwa limefungwa, mwenyewe amehamia Kampala. Siku hizo za imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Mkikuyu hakukaa mjini kwa kupenda kwake. Alitembea na pasibuku, na ndani ya pasibuku ilibidi kuwe na sahihi ya mtu aliyemwandika kazi. Usipokuwa na sahihi, mwisho wa mwezi unarudishwa kwenu. Kwao Kagwe ilikuwa Gatanga, na Gatanga wakati huo ilikuwa ni kijiji kilichozungushiwa handaki, nyumba za udongo zimebanana, na hakuna hata moja yenye dirisha la kioo. Fundi wa vioo angefanya nini kule? Angechimba handaki kama wengine.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

"Bwana nyapara," akasema, "nipe kipande cha kioo nikukatie sasa hivi. Ukiona kibaya, nitachukua baisikeli yangu niende."

"Jumamosi," Nicanor akajibu. "Kuna fundi mwingine anakuja, Ephantus, alikuwa Nairobi. Yeye ana almasi ya Kimberley, Afrika Kusini. Hiyo ndiyo mama ya almasi zote. Njooni wote wawili na tutaona."

Akamwonyesha kioo chenyewe. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani ndani ya maboksi na nyasi kavu, kipana kuliko mlango, kinene kuliko vioo vyote ambavyo Kagwe alikuwa amegusa. Kilikuwa kimekuja kwa meli, na waumini walikuwa wamekingoja tangu mwaka uliotangulia. Kilitakiwa kikatwe duara, kikae juu ya mlango mkubwa wa kanisa. Kilikuwa kimoja tu. Kikipasuka vibaya, juu ya mlango patabaki tundu.

"Na baada ya duara," Nicanor akasema, "kuna madirisha ya pembeni, kuna shule, kuna nyumba za walimu. Kazi ya mwaka mzima. Mmoja wenu nitamwandika. Mmoja."

Kagwe alirudi Thika kwa baisikeli, na njia nzima alikuwa na joto masikioni. Wakati huo Juja ilikuwa mkonge mtupu, safu kwa safu mpaka macho yachoke. Leo ukimwambia kijana wa Juja kwamba hapo alipopanga chumba palikuwa na mkonge na vumbi, atadhani unazeeka. Kagwe aliipenda ile njia. Aliipita mara nyingi akiwa na Mzee Sele, vioo vimefungwa kwa gunia nyuma ya mkokoteni, mzee akitembea mbele na kupiga kelele kila wakiona shimo: "Polepole, mwanangu! Umebeba maji yaliyolala!"

Sele ndiye aliyemfundisha. Alikuwa Mnyamwezi, mtu wa msikitini, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Banda lake lilikuwa Majengo, Thika, na Kagwe aliingia humo mwaka wa 1950 akiwa mchukuzi wa mananasi asiyejua hata kushika rula. Miezi mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kukata chochote. Alikanda pati ya kushikizia vioo, alivifuta, na kila alasiri Tausi, mke wa Sele, alimfunga macho kwa leso yake. Mzee alikata kioo, na Kagwe alitakiwa kusema, kwa kusikia tu, kama mstari ni mzuri.

"Huo?"

"Mzuri."

"Mzuri kwa mamako! Huo umekwaruza. Sikia tena."

Almasi ikikata sawasawa inanong'ona, siii, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Ikikwaruza inalia kwa ukali na kuacha unga mweupe. Tausi alikuwa akikaa mlangoni na birika lake la kahawa, akimcheka mume wake kwamba amemgeuza Mkikuyu wa watu kuwa popo. Kashata zake zilikuwa za kahawia, ngumu, na zilikuwa na tangawizi. Miaka ile miwili kabla ya imajensi, Kagwe hakuwa na kitu, hata blanketi lake lilikuwa la kuazima, na bado hakuna siku alizozikumbuka kwa utamu kama hizo. Baadaye ndipo yalikuja malori ya askari na kukaguana, na watu wakaacha kuketi milangoni.

Macho ya Sele yalipoanza kuingia ukungu, mwaka wa 1955, alimpa Kagwe almasi yake. Alimwambia mbele ya watu, "Hii ni ya Mwadui. Imetoka katika ardhi ya kwetu." Kagwe aliyashika maneno hayo kama cheti.

Sasa alitaka kuyasikia tena. Alipofika Majengo hakupitia kwake kwanza. Alimkuta Sele ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi, na Tausi akichambua mchele.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo ni Kagwe," Sele akasema. "Anapumua kama punda. Umetoka wapi?"

Kagwe akamweleza yote, mpaka karanga. Tausi alicheka karanga, kisha akajizuia.

"Sasa nataka unieleze, mzee," Kagwe akasema. "Jiwe la Mwadui na jiwe la Kimberley, lipi ni gumu?"

Sele aliendelea na tasbihi.

"Nilifanya kazi Mwadui miaka minne," akasema mwisho. "Nilitia vioo kwenye nyumba za wakubwa. Mawe yenyewe sikuyaona hata siku moja. Yalikaa nyuma ya seng'enge, na mtu akitoka huko anakaguliwa mpaka kwenye meno. Nilipoondoka, Mzungu mmoja alinipa ile almasi, akasema chukua, umefanya kazi nzuri. Ilikuwa kwenye kijisanduku chenye maandishi ya Kiingereza. Imetengenezwa Ulaya."

"Lakini jiwe ni la Mwadui."

"Labda. Mawe yanapelekwa Ulaya yote, ya huku na ya kule, yanachanganywa, yanachaguliwa, yanagawanywa. Hili la pete, hili la fundi. Nani atakuambia hili lilichimbwa wapi? Jiwe halina kabila usoni." Akageuza uso upande wa Kagwe, ijapokuwa hakumwona vizuri. "Nilisema la Mwadui kwa sababu nilipenda kusema hivyo. Nilikuwa mbali na kwetu."

Kagwe alihisi kama ameondolewa kiti akiwa karibu kukaa.

"Kwa hivyo nyapara ana haki?"

"Ana haki gani? Yeye anajua la yule mwenzako limetoka wapi? Kwenye nchi moja, shimo moja, siku moja, utapata jiwe zuri na jiwe bovu. Mimi nimeona almasi ya Kimberley isiyoweza kukata ugali. Angalia jiwe, usiangalie pasipoti yake."

"Hata jiwe sasa lina pasibuku," Tausi akasema, na safari hii wote watatu wakacheka, ingawa Kagwe hakucheka kwa muda mrefu.

Usiku hakumwambia mkewe kuhusu Mwadui. Wamboi alimuuliza kitu kimoja tu: "Baba Mumbi, atakuandika?" Naye akasema, "Jumamosi."

Jumamosi asubuhi Ephantus alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi, almasi yake kwenye mfuko wa ngozi. Mpini wake ulikuwa wa pembe, na juu yake pamechongwa KIMBERLEY kwa herufi nzuri. Alimsalimu Kagwe kwa heshima. Alikuwa amefukuzwa Nairobi kama maelfu ya wengine, na yeye pia alikuwa na pasibuku isiyokuwa na sahihi. Hakusema hivyo, lakini Kagwe aliiona kwenye mfuko wa shati, imekaa karibu na mkono, kama ya mtu anayeitwa mara kwa mara aionyeshe.

Nicanor alikuwa ameweka vipande viwili vya kioo chakavu juu ya meza ya seremala. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wameletewa viti.

"Nimefikiria," Nicanor akasema. "Fundi huyu akikata na hii, na yule akikata na ile, nitajuaje kama ni jiwe ama ni mtu? Kwa hivyo mkono utakuwa mmoja na mawe mawili. Ephantus atakata na la Kimberley, halafu atakata na la Tanganyika. Hapo hakuna wa kulalamika."

Wazee wakatikisa vichwa. Ilionekana ni akili nyingi.

Mafundi wa vioo hawaazimani almasi. Hakuna fundi asiyelijua hilo, kuanzia Thika mpaka Mombasa. Utampa mwenzako nyundo yako, baisikeli yako, hata shati. Almasi humpi. Kagwe alijua alipaswa kukataa. Lakini Nicanor alikuwa ameshanyosha mkono, wazee wanatazama, na kichwani mwake mlikuwa na maneno ya Sele: labda, nani atakuambia. Aliona kwamba akikataa watasema anaficha jiwe bovu. Akaitoa, akampa.

Ephantus alimtazama mara moja tu, kwa mshangao, kisha akatazama chini.

Akakata kwanza kwa ya kwake. Siii. Akabonyeza, kioo kikaachana kama mkate laini. Wazee wakasema aah. Kisha akashika ya Kagwe, akaiweka juu ya kioo, akavuta.

Ililia kama msumari kwenye bati. Unga mweupe ukaruka. Alipobonyeza, kioo kilipasuka kwa pembeni, kikakimbia nje ya mstari na kuanguka mavumbini.

"Nilisema nini!" Nicanor akapiga meza. "Tanganyika! Mama ya karanga!"

Kagwe alichukua almasi yake, akaifuta kwa kidole gumba. Hakuogopa tena kicheko. Aliogopa kwamba ile ncha imevunjika, kwa sababu kulazimishwa mara moja kunatosha.

"Bwana nyapara," akasema, "umesema hakuna wa kulalamika. Basi iwe haki. Mkono mmoja mawe mawili, na mkono wangu je? Nipe mimi pia mawe yote mawili."

"Hiyo ni sawa," mzee mmoja wa kanisa akasema.

"Sawa," Nicanor akasema. "Ephantus, mpe yako."

Ephantus hakumpa. Alirudi nyuma hatua moja, mpini wa pembe ukiwa ndani ya ngumi.

"Mpe, bwana. Si yeye amekupa?"

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini? Hiyo si Kimberley? Itamwogopa?"

Kila mtu akamtazama. Ephantus aliangalia pasibuku yake mfukoni, akaangalia almasi, akaangalia kioo kilichoanguka. Angeweza kuitoa na kunyamaza, na pengine kazi ingekuwa yake. Lakini Kagwe angeiwekea mkono wake, mkono uliozoea jiwe lingine, na labda ncha ingekwisha. Alilipenda jiwe lake kuliko alivyopenda kumshinda mtu. Sitasema ulikuwa wema mtupu.

"Almasi haiazimwi," akasema. "Huyu fundi anajua, na mimi ninajua. Kila jiwe lina mlalo wake. Ile ya kwake inataka kulazwa, ya kwangu inataka kusimama. Unaizoea miaka mpaka mkono unajua wenyewe. Mimi nimeishika ya kwake kama ninavyoshika ya kwangu. Ndiyo maana imekwaruza." Akameza mate. "Na nilijua itakwaruza. Hata ingekuwa ya dhahabu ya mbinguni ingekwaruza."

Nicanor akaokota kipande cha kioo kilichoanguka. "Kwa hivyo jiwe si bovu?"

"Mimi sijui. Mwache akate."

Kagwe akavuta nusu ya kioo iliyobaki mezani, akachovya ncha kwenye mafuta ya taa. Akailaza. Mvuto wa kwanza, mfupi, ulikuwa bubu kabisa. Akageuza mpini kidogo, upana wa punje ya mtama tu. Bubu. Akafumba macho. Waashi walidhani anaomba. Akageuza tena, akavuta kidogo, na sauti ikaanza, nyembamba, upande mmoja wa ncha tu ndio uliokuwa mzima. Akaifuata sauti hiyo bila kufumbua macho, mkono ukipinda polepole, akakata duara ukubwa wa sahani. Hakukata mstari, alikata duara. Akageuza kioo, akakigonga chini kwa kichwa cha shaba, kuzunguka, kuzunguka. Duara likatoka zima.

Mzee wa kanisa alilichukua, akapitisha kidole ukingoni, akajikata kidogo, akacheka.

"Nicanor, hawa watu wawili wanakata sawa."

"Naona," Nicanor akasema kwa shingo upande. Alikaa kwanza kwenye tofali, akavua kofia. "Sasa nifanye nini? Nilisema mmoja."

"Kioo kile kikubwa sikigeuzi peke yangu," Ephantus akasema. "Kinataka mtu wa kukisikiliza upande wa pili ninapokata. Ukiandika mmoja, mwandike yeye, mimi nitarudi nilikotoka."

Kagwe alimtazama. "Wewe kata duara," akasema. "Almasi yangu umeigonga, haitaweza kioo kinene. Madirisha ya pembeni na ya shule inayatosha."

Wakakata shauri hapo hapo. Nicanor akaomba pasibuku zote mbili. Alilowesha penseli kwa ulimi, akaandika taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akakumbuka kwamba inatakiwa wino, akatuma iletwe kalamu. Alipomaliza akauliza, sasa bila dharau, "Niambieni ukweli. Wazee wakiniuliza kioo cha kanisa kilikatwa kwa jiwe la nchi gani, niseme nini?"

"La kwangu sijui limetoka wapi," Kagwe akasema. "Aliyenipa pia hajui."

Ephantus akakohoa. "Mimi herufi hizi nilizikuta kwenye mpini. Jiwe lilibadilishwa kabla ya vita, na aliyelibadilisha alikuwa na jingine kutoka Kongo na jingine kutoka sijui wapi, kwenye kopo moja la tumbaku."

Nicanor alitazama herufi za KIMBERLEY kwa muda mrefu. "Hilo wazee msisikie," akawaambia wazee waliokuwa wameketi hapo hapo, na wazee wakasema hawakusikia.

Walifanya kazi miezi kumi na minne pamoja. Kagwe alipokuwa mtu mzima wa mvi, aliisimulia miezi hiyo kuliko miaka mingi iliyoifuata: chai ya saa nne kwenye mikebe ya rangi, Ephantus akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kwanza huku akikosea maneno, mawe ya ujenzi ya Ndarugu yakichongwa, na jinsi asubuhi za Ruiru zilivyokuwa na baridi safi ya mashamba ya kahawa, kabla mji haujajaa. Alisema siku hizi watu wanakata kioo kwa kigurudumu cha chuma, kinauzwa kila duka, kila mtu anaweza kumwazima mwenzake, na hiyo ndiyo shida yake.

Lakini Jumamosi hiyo hakuwa akifikiria chochote cha namna hiyo. Alifika Thika jua likiwa bado juu, akaegemeza baisikeli ukutani, akamfungulia Wamboi pasibuku kwenye ukurasa wenye wino. Wamboi hakujua kusoma. Alipitisha kidole chini ya sahihi, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho, kuhakikisha kwamba imekauka. Kisha akampa Kagwe mtoto wao, Mumbi, amshike, akainua debe tupu la kununulia.

"Basi nenda ulete makaa," akasema. "Yaliyobaki ndani niliyapima yatufikishe mwisho wa mwezi tu."